Sauti ya Ghorofa ya Pili

Jumatatu, 3 Novemba

Nimekasirika tangu saa tatu asubuhi. Kabla ya hapo nilikuwa nimelala.

Kwanza, kadi. Bi Pringle wa ghorofa ya chini ameitundika tena kwenye kitasa cha mlango wangu: Zamu Yako Kuosha Ngazi. Kadi ile ile ya Agosti. Mara ile nilitii kama kondoo. Ndoo ikaniponyoka nikiwa ghorofa ya tatu, ikabingirika mpaka chini, maji yote yakiifuata. Nikasema na ile ndoo. Nilisema nayo kwa kirefu, tena bila kujibana, na ngazi zetu zina vigae vya kijani toka chini hadi juu, hata chafya hurudi mara nne. Tangu siku hiyo sijagusa dekio. Bi Pringle hajasahau. Yule mama hasahau kitu.

Pili, na hili ndilo lenyewe: Grey Smirr wana santuri mpya. Inaingia madukani Ijumaa ya wiki ijayo. Grey Smirr! Bendi yangu! Jina nililitoa mimi. Nilitazama nje ya dirisha, nikaiona mvua ile ya Glasgow isiyonyesha wala kukoma, nikasema: smirr, ndilo jina la manyunyu hayo. Wenzangu wakasema ongeza neno. Nikaongeza kijivu. Nani mwingine angefikiria kijivu?

Miaka sita nimekaa nyuma ya mashine ya moshi nikibonyeza noti moja. Ndiyo, moja. Wajinga hucheka hapo. Lakini noti ile ndiyo iliyokuwa ukungu wenyewe. Greer Tolmie ananong'ona mbele, Innes Rankine anachezea vitufe vyake ubavuni, na chini yao mimi, kidole kimeganda, nateseka. Moshi ulikuwa mzito kiasi kwamba hakuna shabiki hata mmoja aliyewahi kuiona sura yangu. Sikujali. Mwezi Machi wakaniita mkahawani, wakaninunulia mkate wa soseji ya mraba, wakaniambia Innes amegundua kwamba kitufe changu kinaweza kushikiliwa na kipande cha selotepu.

Selotepu!

Nilimaliza mkate, nikaondoka bila kuaga.

Agosti hiyo hiyo ya ndoo, Greer alikuja kunigongea. Kuomba msamaha, bila shaka. Sikufungua. Nilipiga magoti, nikamwambia kupitia tundu la barua la mlangoni kwamba jina langu, Struan Geddes, lisije likaonekana kwenye kitu chao chochote hadi kiama. Akanong'ona kitu. Nani humsikia Greer? Akashuka zake. Nilishinda siku ile.

Leo ushindi ule unaniwasha kama upupu. Santuri mpya, na jina langu halimo! Nataka jina langu kwenye jalada lile. Likishindikana, nataka jalada lenyewe liungue.

Kadi nimeihamishia mlango wa jirani.

Jumatano, 5 Novemba

Ni siku ya fataki, watoto wanazilipua mtaani tangu mchana. Kila mlipuko nauona kama pongezi kwa Innes. Nawachukia.

Nimekwenda kwa Shug, mwenye duka la santuri. Shug ana nakala ya mapema, wamempa aipige dukani. Nikamwambia mimi ni mwanzilishi. Akanitazama kuanzia viatuni, akasema haya mkubwa, sikiliza mara moja tu, na usiipumulie, maana mara ya mwisho ulipumulia ile ya wale wa Dundee ikabidi niifute kwa spiriti.

Nimevaa hedifoni. Nimesikiliza yote.

Ni nzuri. Washenzi!

Ni nzuri kuliko zote. Imejaa milio ya jengo fulani: mlango unafungwa mbali, hatua, bomba linaguna. Innes siku hizi hupita na vinasa sauti vyake akivitundika kama popo. Noti yangu imo, inashikiliwa na selotepu, na haitetereki hata kidogo. Mimi nilikuwa nikitetereka. Ndiyo utu huo!

Lakini wimbo wa tatu ndio umenitoa jasho. Unaitwa "Maji Yanashuka". Hakuna ngoma, hakuna Greer. Maji tu yanatiririka, kitu cha bati kinagonga-gonga, halafu sauti ya mwanamume. Wameivuta, wameipunguza kasi, maneno hayashikiki. Ananguruma. Anapanda, anashuka, anaanza upya. Shug akafumba macho. Akasema mkubwa, huyo mtu kaumia, sijui nani kamfanya nini, lakini kaumia.

Nikauliza ni nani. Hajui. Jalada bado halijafika, amepewa santuri ndani ya bahasha nyeupe.

Kwa hiyo ndivyo ilivyo. Selotepu ilikuwa kisingizio. Walikuwa na mtu wao tayari! Wamenitoa mimi wakaweka Mngurumaji.

Nitammaliza.

Alhamisi, 6 Novemba

Sikupata usingizi, kwa hiyo nimeandika uhakiki. Nimeupeleka kwenye gazeti lile la muziki la mtandaoni linalochapisha chochote likipewa bure. Si kwa jina langu, wangesema nina wivu. Nimesaini: Profesa Balfour Nairn, Edinburgh. Mtu wa Glasgow akisikia profesa wa Edinburgh anakasirika, na mtu aliyekasirika husoma mpaka mwisho.

Nimesema nyimbo nyingine zinavumilika. Lakini huyo Mngurumaji wa wimbo wa tatu ni ng'ombe aliyenasa kwenye uzio. Hana uchungu wowote. Ni mtoto wa kishua wa Bearsden aliyekatazwa kuendesha gari la baba yake. Hasira ya kweli, nimeandika, huijui mpaka uwe umeinyonya miaka sita nyuma ya moshi.

Sentensi hiyo ya mwisho nimeifuta. Nimeirudisha. Nimeifuta.

Bi Pringle kairudisha kadi mlangoni kwangu. Safari hii kaifunga kwa uzi wa sufu, mafundo mawili.

Jumamosi, 8 Novemba

Msiba. Uhakiki umesomwa na dunia nzima.

Jana mchana umetoka, jioni watu wanatumiana. Kila mmoja anataka kumsikia ng'ombe aliyenasa kwenye uzio. Redio imepiga wimbo wa tatu mara mbili asubuhi hii. Mara mbili! Miaka sita nilibonyeza noti ile hatukupigwa hata na redio ya hospitali.

Nimepita kwa Shug. Watu wameweka oda ya santuri hadi karatasi imejaa. Mama mmoja mwenye mbwa alikuwa akimwambia Shug kwamba wimbo ule umemliza jikoni huku akimenya viazi, na yule profesa wa Edinburgh kama hana moyo akapimwe. Nikamwambia mama, labda profesa ana hoja. Akaniambia na wewe kapimwe, kijana.

Mbwa wake akanibwekea.

Kurudi nyumbani, ujumbe kwenye barua pepe ya Profesa. Morven Haldane, mtangazaji wa kipindi cha mchana, anamwalika Profesa Nairn studioni Jumatatu atetee maneno yake.

Thubutu! Ningekuwa mpumbavu kwenda.

Jumapili, 9 Novemba

Nakwenda. Nimefikiri. Nikimponda Mngurumaji hewani, kwa sauti ya kisomi, Grey Smirr wataaibika, watamtimua. Pengo litabaki. Wataanza kutafuta mtu. Watamkumbuka nani?

Nimefanya mazoezi ya lafudhi ya Edinburgh mbele ya kioo. Ni kama kuongea huku umebana sarafu kwa meno.

Jumatatu, 10 Novemba

Nilivaa miwani ya marehemu babu na skafu ya shangazi. Sikuona kitu, nikagonga mlango wa studio kwa paji la uso. Morven ni mwanamke wa maneno ya haraka. Akanikalisha, akasema karibu Profesa, wasikilizaji wanataka kukunyonga, chai?

Nilianza vizuri. Nikasema Mngurumaji hajui kupumua. Morven akasema wapo wanaosema ni sauti ya hasira halisi kuliko zote zilizowahi kurekodiwa Scotland. Damu ikanichemka. Nikasema kwa jina la mama yangu naapa sijawahi kuisikia sauti ile maishani, wala sitaki kukutana na mwenye nayo, na kama ana mama basi mama yake anaona haya. Hasira! Nikasema mtu yeyote anaweza kunguruma vile! Nikamwonyesha.

Nilinguruma. Nilikusudia kidogo tu, kwa dhihaka. Lakini nilikumbuka selotepu, ikatoka yote.

Nilipomaliza, miwani ilikuwa imeanguka na skafu imefunguka. Morven alikuwa ananikodolea macho. Akasema taratibu, Profesa, umeifanya vizuri kuliko yule wa kwenye santuri. Umefanya kama ni yako.

Nikashukuru. Nilipokuwa nje ndipo nilipogundua hilo halikuwa limenisaidia.

Jumanne, 11 Novemba

Leo nitaandika polepole.

Nilikuwa nanyata kupita mlango wa Bi Pringle na mkate wangu. Akafungua. Husubiri nyuma ya mlango yule, naapa. Nikaanza kueleza habari ya kadi, kwamba mgongo unanisumbua. Akasema mwanangu, nyamaza, ingia, nataka kukupa hongera. Nimekusikia redioni.

Nikasema yule alikuwa profesa.

Akasema profesa simjui. Nazungumzia wimbo. Umeosha ngazi vibaya sana mwezi Agosti, lakini umeimba vizuri.

Nikamwambia sielewi.

Akacheka mpaka akashika meza. Akasema hivi, mwanangu, mimi naishi jengo hili toka nikiwa bibi harusi, bomba la choo la ghorofa ya tatu nalijua likikohoa, nitashindwa kukujua wewe ukiitukana ndoo? Yule binti anayenong'ona na yule kaka wa mashine walikuja wakaniomba watundike vinasa sauti vyao pale juu kabisa, wiki nzima, jengo lipumue wao warekodi. Niliwaambia sawa, lakini mtu akitumia ngazi yangu anaosha ngazi yangu. Yule kaka aliosha mara mbili. Alitoa uchafu hata kwenye pembe.

Nikauliza: Innes aliosha pembe?

Kwa mswaki, akasema.

Nimekaa jikoni kwa Bi Pringle nikala peremende yake ya maziwa na sukari, mchemraba baada ya mchemraba. Maji Yanashuka. Kitu cha bati. Ndoo! Mngurumaji ni mimi! Uchungu halisi kuliko wote Scotland, mimi! Nilijua kuna kitu kikubwa katika sauti ile. Nilisema tangu mwanzo.

Sikusema. Lakini nilihisi.

Nimekimbia kwa Greer. Nikamwambia santuri ni yangu, jina langu liko wapi? Alinionyesha jalada, limefika jana. Ukurasa wa nyuma, chini kabisa, kwa herufi za sisimizi: Sauti, wimbo wa tatu: mtu wa ghorofa ya pili, ambaye hakutaka kutajwa.

Akanong'ona. Ilibidi nisogeze sikio hadi mdomoni pake. Struan, nilikuja Agosti kukuomba ruhusa. Ukanijibu kupitia tundu la barua. Nikasema basi naomba tuitumie bila jina, ukasema fanyeni mtakavyo, ondoka.

Naona nilisema hivyo. Ni kitu ambacho ningesema.

Innes alikuwepo. Alikuwa ananyoosha waya. Mtu anayenyoosha waya wakati mwenzake anaumia, huyo ana roho gani?

Greer akasema wanafanya uzinduzi dukani kwa Shug, Ijumaa alasiri. Njoo ungurume mbele ya watu. Nitakutaja mwenyewe. Na chapa ya pili ya jalada itakuwa na jina lako.

Jina langu! Kwenye jalada!

Jumatano, 12 Novemba

Nimefurahi. Sijazoea.

Alhamisi, 13 Novemba

Janga. Nimefanya mazoezi ya kunguruma asubuhi yote, natoa sauti ya mtoto wa kwaya. Hasira imekwisha! Nimemfikiria Innes na mswaki wake, nikajikuta nasema masikini, kajitahidi. Nimeitazama selotepu droani. Ni selotepu tu.

Jirani amegonga ukuta kuniuliza kama kuna ubatizo.

Ijumaa, 14 Novemba

Duka la Shug limefurika hadi barabarani. Mvua ile ile. Mama wa mbwa alikuwepo na mbwa. Shug alikataza mashine ya moshi, kengele ya moto ingelia, kwa hiyo kwa mara ya kwanza tangu bendi izaliwe nilisimama mbele ya watu nikionekana. Bi Pringle alikaa mstari wa mbele, kwenye kiti alichokuja nacho.

Wimbo wa tatu. Innes akaachia maji. Bati likagonga. Greer akaniashiria. Nikafungua mdomo.

Ilitoka sauti ndogo, safi, tamu. Kama ya mtu anayeshukuru kwa chakula.

Watu wakatazamana. Mtu nyuma akasema huyo si yeye. Mwingine akasema kaka, rudisha ng'ombe wetu! Kicheko. Nikajaribu tena. Tamu zaidi. Nikaliona jina langu likifutika kwenye jalada, herufi moja moja.

Hapo Bi Pringle akasimama. Akafungua mkoba wake, akatoa kadi. Kadi ile! Na uzi wake! Akainyanyua juu ya kichwa duka zima waione, akasema kwa sauti ya kutangaza msiba kwamba kabla kijana huyu hajasifiwa, watu wajue ghorofa ya pili haijaoshwa tangu Agosti, na alipoosha aliacha alama ya maji ukutani kama bandarini, na yule kaka wa mashine, mgeni, ndiye aliyekuja kuifuta nyuma yake. Kwa mswaki.

Mbele ya watu wote!

Sikumbuki vizuri kilichofuata. Nakumbuka nilianzia miguuni. Nilimngurumia Bi Pringle, nikamngurumia Innes, nikaingurumia ngazi, kadi, Machi yote na mkate wa soseji. Santuri rafuni zilitetemeka. Mbwa alikwenda kujificha chini ya rafu ya jazi. Nilipokoma, duka likalipuka kwa vifijo. Mama wa mbwa alikuwa analia waziwazi. Shug akanikumbatia, akasema mkubwa, mkubwa, sikujua, pumulia santuri yoyote unayotaka!

Greer akasogelea kipaza sauti kunitaja. Nilinyoosha mgongo. Nilisubiri miaka sita kwa ajili ya pumzi ile moja.

Na sauti kutoka mlangoni ikapasua duka zima: Jamani! Ni Profesa Nairn!

Morven Haldane. Amesimama juu ya kreti. Akawaambia watu naijua sura hii, naijua ngurumo hii, alikuwa studioni kwangu! Alijiponda mwenyewe makusudi! Profesa ndiye Mngurumaji! Huu ndio ujanja mkubwa kuliko wote niliowahi kuuona kwenye muziki!

Watu wakapagawa. Nairn! Nairn! Nairn! Wanapiga miguu. Nikapaza sauti: mimi ni Struan Geddes! Lakini koo lilikuwa limekauka kwa kunguruma, ikatoka kama hewa ya tairi. Greer akasogeza mdomo kwenye kipaza sauti akasema kwa nguvu zake zote: anaitwa Struan.

Alinong'ona. Nani humsikia Greer?

Jumamosi, 15 Novemba

Kwenye magazeti, picha yangu. Nzuri, kwa kweli, upande wa kushoto. Chini yake: Profesa Balfour Nairn. Wanamwita fundi wa hasira. Wanasema ametoka Edinburgh kuja kuifundisha Glasgow kukasirika.

Edinburgh! Kuifundisha Glasgow!

Barua pepe ya Profesa ina mialiko kumi na kitu. Kwa Struan Geddes kuna ujumbe mmoja, wa maktaba, kuhusu kitabu.

Mpuuzi huyu Nairn ni nani hasa? Kafanya nini maishani? Kanyonya jasho la nani?

Jumatatu, 17 Novemba

Hasira imerudi yote, na riba juu yake. Nimeamka nayo, nimekunywa nayo chai.

Nimekaa mezani tangu asubuhi kumwandikia Nairn dawa yake. Nimeonyesha kwamba ni mnafiki. Nimeonyesha kwamba lafudhi yake ni ya bandia. Nimeuliza ni chuo gani kinachomjua. Hakuna! Uhakiki mkali kuliko wote nilioandika. Siwezi kusaini kwa jina langu, wangesema nina wivu. Nimesaini: Daktari Crawford Moncur, Aberdeen.

Nilikuwa kwenye aya ya mwisho, ile ya kuua, mlango ukagongwa. Nikachungulia. Greer. Nyuma yake Innes, ameshika mswaki. Ati siku hizi akipita ngazini hawezi kujizuia.

Wamekuja kunicheka. Au kuniomba niwapatanishe na Profesa wao. Greer akainama kwenye tundu la barua, akaanza kunong'ona kitu, nikashika neno jalada na neno kesho. Sikumwacha amalize. Mtu ana kazi zake! Nilipiga magoti nikamwambia kwamba jina langu lisije likaonekana kwenye kitu chao chochote, chapa ya kwanza, ya pili wala ya mia, hadi kiama na siku inayofuata.

Hatua zikashuka, polepole, ngazi kwa ngazi.

Bi Pringle akapaza sauti kutoka chini, na vigae vikairudia mara nne: Struan, mwanangu! Jalada linakwenda mtamboni kesho! Binti wa watu alikuja kuuliza jina lako linaandikwaje!

Mama huyu huingilia kila kitu.

Nimerudi mezani. Nimeongeza aya moja kuhusu watu wanaojisifia kuosha pembe. Nimeisoma yote tena kwa sauti. Inauma vizuri. Nimeituma.

Kadi ilikuwa kitasani nilipotoka kununua maziwa. Nimeihamishia mlango wa jirani.

Sasa Nairn atanitambua.